Kupanga safari ya Ruwenzori: tuhesabu usiku kwanza

Wenzangu wanne wa promosheni wameniomba niwapangie safari ya miguu kwenye mlima Ruwenzori, upande wetu wa Congo, kwa njia inayopanda kutoka Mutwanga kupitia bonde la Butahu. Hatuendi hadi kilele cha Margherita, chenye mita 5,109, kwa sababu kule kuna barafu inayodai kamba na ufundi. Tutaishia kibanda cha Kiondo, kisha tutarudi. Naeleza hapa nilivyopanga, maana wengi wanaoiwaza safari hii huanza na viatu, na viatu ndilo jambo jepesi kuliko yote.

Swali la kwanza ni la usalama. Njia hii imo ndani ya Hifadhi ya Virunga, katika eneo la Beni lililoumizwa na vita kwa miaka mingi. Kwa hiyo hatuweki tarehe mpaka hifadhi yenyewe iseme kwamba njia iko wazi, na hatupandi bila kiongozi wake.

La pili ni majira. Mlimani mvua hunyesha karibu mwaka mzima, ila hupungua kidogo Desemba hadi Februari na Juni hadi Agosti. Nimependekeza Julai. Kwa kuwa tuko karibu na ikweta, giza huingia yapata saa kumi na mbili jioni mwezi wowote. Hivyo kila siku tutaondoka kukipambazuka.

Sasa tuje kwenye kiini. Vibanda vitatu vya kulala viko hivi: Kalonge, takriban mita 2,140, Mahangu, 3,310, Kiondo, 4,200. Mtu mwenye nguvu anaweza kuvifikia kwa siku tatu mfululizo. Shida si miguu, ni hewa. Huko Kiondo, kila pumzi huleta karibu asilimia 60 tu ya oksijeni ambayo ingeipata ufukweni mwa bahari. Mwili huzoea, lakini hudai muda. Waganga wa milimani hushauri kwamba juu ya mita 3,000, mahali pa kulala pasipande zaidi ya mita 500 kwa siku.

Kutoka Mahangu hadi Kiondo ni mita 890, na katikati sina kibanda cha kuwalaza. Ndiyo sababu nimeweka usiku mbili Mahangu: 890 ikigawanywa kwa siku mbili inakuwa 445. Siku hiyo ya katikati hatutalala tu. Tutapanda polepole saa chache, kisha turudi kulala palepale. Jumla ni siku sita, na ya saba ya akiba. Chakula ni cha siku saba: unga, sambaza kavu, karanga, chai na sukari. Na kwa kuwa joto hushuka karibu digrii 6.5 kwa kila mita 1,000, Kiondo patakuwa na baridi ya digrii 13 hivi zaidi ya Kalonge. Nguo kavu za usiku zifungwe ndani ya plastiki, zisiguswe mchana.

Limebaki jambo moja ambalo sisi wa kitivo cha lugha tunalijua vema. Kwetu mtu akiulizwa «Habari?» hujibu «Muzuri», hata kama amefiwa jana. Jibu hilo ni adabu, halielezi hali yake. Mlimani adabu hiyo inaweza kuua, kwani ugonjwa wa mwinuko huanza na maumivu ya kichwa, kichefuchefu na uchovu, mambo ambayo kijana huona haya kuyataja mbele ya wenzake. Kwa hiyo nimeandika maswali ya kila jioni yasiyojibika kwa «muzuri»: Umekula kiasi gani? Kichwa kinauma wapi? Tembea hatua kumi kwenye mstari, tukuone.

Anayeumwa kichwa na kutapika hapandi kesho. Anayeyumba, anayechanganya maneno au anayehema akiwa ameketi anashushwa mara moja, hata usiku, wala hasubiri kupambazuke. Nimeandika pia nani atashuka naye, kwa majina, ili pasiwe na mjadala pale juu. Wote wanne wamesoma ukurasa huo na kutia sahihi kabla hatujanunua chochote.