Mashine ya Kufulia Isigeuke Kabati

Mama msomaji, katika nyumba nyingi za Kigoma na Ujiji siku hizi imeingia mashine ya kufulia nguo, ile inayofunguliwa kwa juu. Katika baadhi ya nyumba hizo utaikuta imesimama kimya barazani, juu yake yamepangwa masufuria na ndani yake mna mkaa. Ukiuliza, utaambiwa iliharibika kabla hata ya kumaliza mwaka. Fedha iliyoinunua huenda ilitoka kwenye biashara ya dagaa au mawese, au ilikuwa zamu ya mama katika mchezo wa upatu. Sasa mama amerudi kwenye beseni, na mgongo unamuuma kama zamani. Wengine wamerudi ufukweni, ambako kusimama majini kwa muda mrefu kuna hatari ya kichocho.

Mashine nyingi za namna hii haziuawi na uzee. Huuawa na mchanga, sabuni isiyofaa, nguo nyingi kupita kiasi na umeme usiotulia. Yote haya mama anaweza kuyazuia mwenyewe. Hebu tuyaangalie moja baada ya jingine.

Ijue mashine yako

Mashine za kufunguliwa juu ni za aina mbili. Ya kwanza ina mapipa mawili: moja la kufulia na jingine dogo la kukamulia. Hii unaijaza maji kwa mpira au kwa ndoo, na nguo unazihamisha kwa mkono. Ya pili ina pipa moja na hufanya kazi zote yenyewe, lakini inahitaji maji ya bomba yenye nguvu. Nyingi huhitaji maji yanayoshuka kutoka kwenye tangi lililoinuliwa mita 3 hivi au zaidi juu ya mashine. Kwa hiyo, kama maji ya bomba hayafiki kila siku na huna tangi la juu, ile ya mapipa mawili itakufaa zaidi.

Isimamishe kwenye sakafu ngumu iliyo sawa. Miguu yake huzungushwa ili kuipandisha au kuishusha. Iguse kwenye pembe zote nne, na ikitikisika, rekebisha mguu ulio juu. Mashine iliyoinama hugonga wakati wa kukamua, na kugonga huko hulegeza kila kitu kilichomo ndani.

Sabuni na maji ya ziwa

Maji ya Ziwa Tanganyika ni maangavu, lakini yana chumvi ya magnesi kwa wingi. Maji ya namna hii huitwa maji magumu. Sabuni ya kipande, ikiwemo ile ya mawese tunayoipenda, ikikutana na maji magumu hufanya utando mweupe. Kwenye beseni utando huo unaumwaga. Kwenye mashine hujificha nyuma ya pipa, ukaganda, ukaziba njia za maji na kuzifanya nguo zinuke.

Basi, sabuni ya kipande itumie kusugulia kola na mikono ya mashati kabla ya kufua, kisha uisuuze. Ndani ya mashine weka sabuni ya unga isiyotoa povu jingi, tena kwa kipimo. Povu likifurika juu ya pipa, umezidisha. Povu jingi halimaanishi usafi. Huifanya mashine isuuze kwa shida na kupoteza maji.

Mchanga, sarafu na mawese

Nguo zilizotoka ufukweni Kibirizi au Katonga, na sare za watoto waliocheza kwenye vumbi jekundu la kiangazi, zikung'ute nje kwanza. Zenye matope zisuuze kwenye ndoo kabla ya kuzitia ndani. Mchanga hushuka chini ya pipa na kuisaga raba inayozuia maji yasipite kwenda kwenye mota.

Pekua kila mfuko. Sarafu, msumari, pini ya nywele na waya wa sidiria ndivyo vinavyokwama chini ya ile sahani inayozunguka.

Doa la mawese usilipeleke kwenye mashine likiwa bichi. Lipake sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, liache kwa robo saa, ulisugue kwa maji ya moto, kisha ndipo ufue. Rangi ya njano ikibaki, anika nguo juani, kwani jua huififisha rangi ya mawese.

Usijaze nguo hadi juu. Mkono wako uweze kuingia na kugeuza nguo bila kusukumana nazo. Blanketi zito lifuliwe kwa mkono.

Umeme

Kwa miaka mingi Kigoma ilitegemea majenereta ya dizeli, na akina mama wa huko wanaujua vizuri umeme unaokatika na kurudi kwa kishindo. Nunua kifaa cha kulinda umeme kama kile cha friji, chenye uwezo unaolingana na mashine. Umeme ukikatika, chomoa plagi, na ukirudi subiri dakika chache. Taa zikiwa hafifu, usifue. Mota inayopata umeme mdogo hunguruma bila kuzunguka, ikapata moto hadi kuungua.

Jambo lisilo na mjadala ni waya wa ethi, yaani ule unaoingia ardhini. Ukigusa mashine ukahisi hata mtetemo mdogo wa umeme mwilini, zima umeme ukutani na usiitumie tena mpaka fundi wa umeme ameikagua. Usishike plagi kwa mikono iliyolowa, wala usifue umesimama peku kwenye maji.

Usafi

Kila baada ya kufua, toa na kuosha kifuko cha nyuzinyuzi kilicho ndani ya pipa, futa maji yaliyobaki, na uache kifuniko wazi hadi ndani pakauke. Masika hili ni muhimu zaidi, kwa sababu ukungu huota upesi. Kama kuna watoto wadogo, funga mlango wa chumba hicho.

Mara moja kwa mwezi, jaza maji ya uvuguvugu, yasiwe ya kuchemka kwani pipa la plastiki hupinda. Tia vikombe viwili vya siki, izungushe bila nguo, kisha mwaga na suuza. Kamwe usichanganye siki na dawa ya kung'arisha nguo yenye klorini. Mchanganyiko huo hutoa hewa yenye sumu.

Ikigoma

Kabla ya kumwita fundi, chomoa plagi na utazame haya:

Haiingizi maji. Fungua mpira unapoingia kwenye mashine. Ndani kuna kichujio kidogo kama chandarua. Mara nyingi kimejaa mchanga. Kitoe na ukisugue kwa mswaki.

Inanguruma lakini haizunguki. Punguza nguo. Kama bado, toa maji, fungua skrubu iliyo katikati ya sahani ya chini, uinyanyue na utazame kilichokwama. Kama hakuna kitu, huenda ni mkanda au kapasita. Hiyo ni kazi ya fundi, kwa kuwa kapasita huweza kukupiga hata plagi ikiwa nje.

Haitoi maji. Nyoosha mpira wa kutolea maji. Kwa mashine nyingi za mapipa mawili, mpira huo hauna budi kulala chini sakafuni, kwa maana maji hutoka kwa kushuka tu. Ile ya pipa moja fuata kitabu chake; ukiulaza mpira chini, maji huweza kutoka wakati mashine bado inajaza.

Inarukaruka ikikamua. Nguo zimeelemea upande mmoja. Simamisha, zipange kuzunguka pipa, na urudishe kile kifuniko kidogo cha ndani cha kukandamizia nguo.

Inavuja katikati chini ya pipa la kukamulia. Acha kuitumia. Raba imekwisha, na maji yanaelekea kwenye mota. Raba mpya ni bei ndogo kuliko mota. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Wanaokuzunguka

Ukifungua kifuniko cha pipa la kukamulia, lazima lisimame baada ya sekunde chache. Lisiposimama, breki imeharibika, na mkono wa mtoto unaweza kuvunjika. Usifue tena mpaka irekebishwe. Pia usiache maji ndani ya pipa, kwani mtoto mdogo anaweza kutumbukia akazama.

Na je, yule binti anayekusaidia kazi, nani alimfundisha? Mara nyingi mashine ikifa hukemewa yeye, pengine hata mshahara wake hukatwa, na hali hakuna aliyewahi kumwonyesha kipimo cha sabuni. Hilo si haki. Kaa naye siku ya kwanza, fueni pamoja, kisha umwachie afue mwenyewe ukitazama. Fanya vivyo hivyo kwa watoto wako wakubwa, wa kike na wa kiume, na baba naye asiachwe nyuma. Mashine inayojulikana na watu wote wa nyumbani hupata watunzaji wengi.

Akina mama wa Kigoma na mahali pengine, tunawatakia ufuaji mwema. Jumamosi hii, kabla hamjaanza kufua, tazameni kile kichujio.