Mtemi wa Ugogo hakuwa kabaila

Neno ukabaila, ambalo Azimio la Arusha la mwaka 1967 lililiweka sambamba na ubepari lilipowakataza viongozi kushiriki mambo ya namna hiyo, limetokana na kabaila, yaani mtu wa ukoo bora, na shina lake ni neno la Kiarabu qabila, lenye maana ya kabila. Katika siasa limekuwa jina la mfumo ambao wachache humiliki ardhi na wengi huilima kwa kulipa kodi, mazao au kazi. Na kwa kuwa watawala wa jadi huwekwa humo mara nyingi bila kubaguliwa, mtemi wa Ugogo naye huhesabiwa kabaila.

Hesabu hiyo haimtendei haki. Mtemi, ambaye Unyamwezi na Usukuma huitwa ntemi, kwa kawaida huelezwa kuwa jina linalotokana na kutema, yaani kukata, kama mtu anavyotema miti kwa panga. Wengine husema ni aliyetangulia kufyeka pori, wengine ni akataye shauri wazee wakishasemezana; ingawa cheo kilirithiwa katika ukoo, jina linataja kazi.

Na Ugogo, nyanda kame zenye msimu mmoja tu wa mvua, ambazo kati ya 1917 na 1920 ziliteketezwa na njaa iliyoitwa Mtunya, kazi iliyopita zote ilikuwa mvua. Mtemi alitunza kigoda na mawe ya mvua ya ukoo wake, akatoa dawa ya mbegu kabla ya kupanda, na mnyama mweusi, mwenye rangi ya wingu zito, alichinjwa kwa tambiko. Aliyefyeka shamba alilima bila kumlipa kodi ya ardhi. Hongo ya vitambaa, yaani ushuru wa njia, iliyomkera msafiri Stanley mwaka 1871, ilitozwa misafara ya wapita njia.

Ukabaila hasa ulikuwa Buhaya, katika nyarubanja, ambako Mkama, yaani mtawala, aliwagawia wakubwa ardhi pamoja na watu waliokuwa wakiishi humo, nao wakawa wapangaji wa kudumu. Ugogo, sura ya ubwana iliongezeka chini ya Waingereza, waliowageuza watemi, akiwamo Mazengo wa Mvumi, kuwa wasimamizi wa kodi ya serikali. Mwaka 1963 Tanganyika huru ilifuta vyeo vya machifu wote kwa pamoja, mwenye ardhi na mwenye mawe ya mvua.