Mnyoo wa Karanga wa Baharini: Umbo Lake na Jinsi ya Kumtambua

Mimi ni mwalimu, nami nasema nanyi kutoka Ihanja, katika nchi ya Wanyaturu, mahali ambapo bahari haionekani wala mvumo wake hausikiki. Huenda mtu akauliza, "Habari za mnyoo wa baharini zatuhusu nini sisi wakulima wa uwele na mtama?" Swali hilo ni la haki, nami nitalijibu kabla sijamaliza. Lakini kwanza nipeni ruhusa niwasimulie jinsi nilivyokosea mbele ya wanafunzi wangu.

Siku moja nilileta darasani chupa yenye kiumbe aliyehifadhiwa katika spiriti, niliyoletewa na mwalimu mwenzangu wa pwani. Nikauliza, "Huyu ni nini?" Kijana mmoja akasimama akajibu, "Ni mnyoo, Mwalimu, jamaa yake nyungunyungu." Nikamkatiza nikasema, "Sivyo. Tazama vizuri. Nyungunyungu ana pingili mwili mzima, na huyu hana hata moja. Basi hawa si jamaa." Kijana akaketi, akanyamaza. Neno lile nililolisema kwa sauti kubwa lilikuja kunirudi, kama mtakavyosikia.

Kwanza tulitazame jina lake. Waingereza humwita mnyoo wa karanga, kwa kuwa akiguswa hujikunja na kujikaza hata awe mfupi mnene, mfano wa karanga iliyo katika ganda lake. Wataalamu humwita Sipunculus, neno la Kilatini lenye maana ya kijibomba. Linnaeus, yule mtaalamu wa Uswidi, aliiandika aina moja mwaka 1766 akaiita Sipunculus nudus. Ama aina ninayotaka kuwaeleza hasa leo ni Sipunculus indicus, iliyoelezwa mwaka 1850 na Wilhelm Peters, Mjerumani aliyekusanya wanyama katika Msumbiji. Aina zote za minyoo hawa zilizojulikana ni kama 150, na zote hukaa baharini.

Sasa tulitazame umbo lake kwa nje. Mwili una sehemu mbili tu: kiwiliwili na mkonga. Mkonga uko mbele, na katika ncha yake mna kinywa kilichozungukwa na minyiri midogo laini. Ajabu yake ni hii, kwamba mkonga wote huweza kuingia ndani ya kiwiliwili, kama mkono wa kanzu unavyoweza kuvutwa ndani ya kanzu. Misuli minne huuvuta kuingia, lakini hapana msuli hata mmoja unaousukuma kutoka. Basi hutokaje? Chukueni kiriba kilichojaa maji, mkisukume kidole kimoja cha ngozi yake kiingie ndani, kisha mkibane kiriba kwa mikono miwili. Kidole kile kitachomoka chenyewe, maana maji yakibanwa hutafuta pa kwenda. Ndivyo afanyavyo mnyoo huyu: hubana ngozi yake, na maji ya mwilini huusukuma mkonga nje. Kwa njia hiyo pia huchimba mchangani.

Ngozi ya kiwiliwili hufanana na mkeka. Ndani yake mna mikanda ya misuli iendayo kwa urefu na mikanda mingine izungukayo mwili. Hiyo ikikingamana, ngozi huonekana kama imegawanyika miraba midogo midogo. Juu ya mkonga mna vipele vya pembe tatu, mfano wa magamba, vielekeavyo nyuma.

Tukimpasua kwa wembe, tutaona mambo mengine. Utumbo hauendi moja kwa moja kutoka kichwani hata mkiani. Huteremka mpaka karibu na mkia, hugeuka, kisha hupanda tena, na ile sehemu ishukayo na ile ipandayo zimesokotana kama kamba. Tundu la kutolea uchafu liko mgongoni, upande wa mbele, si mbali na shina la mkonga. Mtu aweza kucheka, lakini hekima yake yaonekana ukikumbuka kwamba mnyoo huyu hukaa shimoni. Nyumba yenye mlango mmoja, takataka zake hutolewa kwa mlango ule ule. Chakula chake ni mchanga: humeza, hutwaa mabaki ya viumbe yaliyomo, na mchanga hutoka tena.

Hana moyo wala mishipa ya damu kama yetu. Maji yaliyojaa mwilini mwake yana chembe zenye kitu kiitwacho hemeritrini, kichukuacho oksijeni. Kitu hicho kina chuma, kama ilivyo damu yetu, lakini rangi yake ni nyingine: kikiwa na oksijeni huwa na rangi ya zambarau iliyochanganyika na waridi, na kikiishiwa oksijeni huwa hakina rangi. Figo zake ni mbili, nazo hutoa uchafu wa mwili na pia hupitisha mayai au mbegu za uzazi kwenda baharini. Uzi mkuu wa fahamu ni mmoja, nao hupita upande wa tumbo.

Sasa, mtu akimkuta kiumbe mchangani maji yakupwapo, atamtambuaje? Na ajiulize maswali kwa utaratibu. Je, ana pingili, au vinywele vigumu ubavuni? Kama anavyo, huyo ni wa minyoo mingine ya pwani, ile yenye pingili. Je, ana vijiguu vya kunyonyea na kushikia miamba? Huyo aweza kuwa jongoo bahari, ambaye naye ana minyiri kinywani. Je, ana ulimi mrefu mbele, upungukao na kurefuka, lakini usiogeuka kuingia ndani ya mwili? Huyo ni mnyoo wa jamii nyingine. Lakini akiwa hana pingili, hana vinywele, na mkonga wake huzama wote mwilini, hapo sema kwa moyo thabiti kwamba ni mnyoo wa karanga.

Hata hivyo kujua jamii si kujua aina. Wengine, kama wale waitwao Phascolosoma, hukaa zaidi katika matundu ya miamba ya matumbawe, na wengi wao wana vikulabu vidogo vilivyopangwa safu safu juu ya mkonga. Sipunculus hana vikulabu hivyo. Na kumpambanua indicus na nudus, yapasa kumfungua na kuhesabu mikanda ya misuli iendayo kwa urefu: ya nudus ni kama 30, na ya indicus hukaribia 40. Macho peke yake hayatoshi. Hesabu ndiyo itoayo hukumu.

Sasa narudi kwa kijana wangu. Mwaka 1847 Quatrefages wa Ufaransa aliwaweka minyoo hawa katika kundi aliloliita Gephyrea, kwa neno la Kiyunani lenye maana ya daraja, kwa kuwa alidhani wao ni daraja kati ya minyoo na jongoo bahari. Mwaka 1898 Sedgwick, Mwingereza, akawapa kabila lao peke yao, na kwa zaidi ya miaka mia vitabu vikafundisha hivyo. Nami ndivyo nilivyofundishwa. Lakini wataalamu walipolinganisha asili ya urithi iliyomo katika chembe za mwili, katika uchunguzi uliotangazwa mwaka 2007 na mwingine uliofuata, waliona kwamba minyoo hawa wamo katika ukoo ule ule wa nyungunyungu. Tena mwaka 2008 wengine walichunguza watoto wachanga wa Phascolosoma agassizii, wakaona mfumo wa fahamu waanza kupangwa kwa pingili, kisha dalili ile hupotea mtoto akuapo. Pingili zilikuwamo, zimepotea njiani. Nyoka naye hana miguu, lakini ukoo wake na mjusi haukukatika kwa sababu hiyo.

Basi nilimwita kijana yule mbele ya darasa nikamwambia, "Wewe ulisema kweli, nami nilikukatiza. Nilidhani kukosa alama ni kukosa ukoo." Darasa zima likanyamaza, maana hawakuzoea kusikia maneno hayo kwa mwalimu.

Hilo ndilo jibu la swali la kwanza. Mnyoo huyu hamtamwona Ihanja. Hata katika Singidani, ijapokuwa maji yake ni ya chumvi, hayumo, kwa maana yeye ni wa bahari tu, na ukimtia katika maji ya bahari yaliyopunguzwa chumvi, maji humwingia akavimba. Lakini desturi ya kutazama, kuhesabu, na kukubali kusahihishwa yatufaa hapa hapa, tukichunguza mdudu alaye mtama wetu au ugonjwa wa ng'ombe wetu. Na yeyote atakayejaliwa kufika pwani, akigeuza jiwe ili atazame, alirudishe kama alivyolikuta, na akichimba, afukie shimo. Maana chini yake mna wenye nyumba.

Wahenga walisema, asiyekubali kushindwa si mshindani. Nami nasema, asiyekubali kusahihishwa si mwalimu. Kwa herini.