Sindano Ikifika Saa Sita

Kila ninapowasha mtambo wetu mdogo wa umeme wa maji, macho yangu hayabanduki kwenye sindano moja, ya kipimo kinacholinganisha jenereta na gridi. Ikizunguka mbio, jenereta bado haiendi sambamba na gridi. Narekebisha maji kidogo, nangoja. Volti zilingane, mawimbi yapande na kushuka pamoja, mara 50 kwa sekunde. Sindano inapoikaribia saa sita polepole, ndipo nafunga swichi ya kuiunga jenereta na gridi. Ukikosea hapo, mtikisiko unaweza kuvunja shafti.

Si sisi peke yetu: huko Mufindi, Tanzania, mtambo wa maji wa Mwenga wa megawati 4 umeungwa na gridi tangu 2012.

Gridi ikizimika, mtambo lazima ujitoe papo hapo. Huenda kuna fundi juu ya nguzo anayeamini laini haina umeme. Nawe mwenye jenereta nyumbani, tafadhali, kwa ajili ya fundi huyo, usiiwashe bila swichi ya kubadilishia, inayoitenga nyumba na gridi.