Eyam: Kijiji Kilichojifungia na Kifo

Ndugu msomaji, hebu yahesabu kwa vidole majina ya wazee wako: baba, babu, baba yake babu, na kuendelea. Wengi wetu tuishio mijini hufika kizazi cha tatu au cha nne, kisha vidole hukwama. Habari za wafalme huandikwa vitabuni. Lakini mkulima, mshonaji na mama wa nyumbani, ni nani awakumbukaye?

Leo twakupeleka katika kijiji ambacho watu wake wa kawaida wangali wakitajwa kwa majina, ingawa imepita miaka zaidi ya 350 tangu wafariki. Kijiji hicho ni Eyam, katika vilima vya jimbo la Derbyshire, zaidi ya kilomita 200 kaskazini ya London, nchini Uingereza. Katika karne ya 17 wenyeji wake walikuwa wakulima, wafugaji wa kondoo na wachimbaji wa madini ya risasi.

MZIGO WA NGUO

Mwaka 1665 mji wa London ulikuwa ukiteketea kwa tauni. Yasimuliwa kwamba mzigo wa nguo uliletwa Eyam kutoka huko, katika nyumba ya mshonaji. Nguo zilikuwa na unyevu, zikaanikwa mbele ya moto. Yaaminiwa kwamba ndani yake mlikuwa na viroboto. George Viccars, aliyekuwa akifanya kazi ya kushona katika nyumba ile, alifariki mwanzoni mwa Septemba. Haukupita muda mrefu, ugonjwa ukawafikia majirani.

Hakuna aliyejua asili yake. Vijidudu vya tauni vilikuja kutambuliwa mwaka 1894, na mganga Alexandre Yersin, huko Hong Kong. Watu wa Eyam walijua jambo moja tu: aliyekaribiana na mgonjwa naye huugua.

MPAKA WA MAWE

Majira ya baridi yalipunguza vifo, lakini joto la mwaka 1666 liliirudisha tauni kwa ukali zaidi. Baadhi ya wenye uwezo walikuwa wamekwisha kuondoka, na waliosalia walianza kutafakari kukimbia. Hapo ndipo padri wa kijiji, William Mompesson, aliposhauriana na mtangulizi wake, Thomas Stanley. Wawili hawa hawakupatana katika mambo ya dini. Stanley alikuwa ameondolewa katika kazi yake kwa msimamo wake. Hata hivyo waliziweka kando tofauti zao, wakasimama pamoja mbele ya watu.

Walipatana na wanakijiji mambo matatu. Kwanza, kila jamaa izike wafu wake yenyewe, haraka, bila kungoja mazishi ya kanisani. Pili, ibada ifanyike nje, bondeni, watu wakisimama mbali mbali. Tatu, na hili ndilo zito, mtu yeyote asivuke mpaka wa kijiji mpaka tauni iishe.

Chakula kiliwekwa mpakani na watu wa nje, na Earl wa Devonshire, aliyekuwa na jumba kubwa jirani, alisaidia kukipeleka. Wanakijiji waliacha fedha katika matundu ya jiwe yaliyotiwa siki, ili kuzisafisha. Jiwe hilo lipo hata leo.

Wapo wanahistoria wasemao kwamba maskini wale hawakuwa na pa kwenda. Huenda ni kweli kwa wengi wao. Lakini njia ya kutokea ilikuwapo kila usiku, na vijiji vya jirani vilisalimika.

MAMA WA SHAMBA LA RILEY

Wahenga walisema, kifo cha wengi harusi. Katika Eyam kifo kilikuwa cha wengi, lakini harusi haikuwapo. Hapakuwa na matanga, wala majirani wa kubeba jeneza. Elizabeth Hancock, mke wa mkulima wa shamba la Riley, alimzika mumewe na watoto wao sita katika muda wa siku nane, Agosti 1666. Alichimba makaburi kwa mikono yake mwenyewe, akaiburura miiti yao mmoja mmoja hadi kondeni.

Padri Mompesson naye hakuepushwa. Watoto wake alikuwa amewapeleka mbali mapema, lakini mkewe, Catherine, alikataa kumwacha. Alifariki mwezi ule ule wa Agosti.

Tauni ilikoma mwezi wa Novemba 1666, baada ya miezi 14. Watu wapatao 260 walikuwa wamekufa.

KITABU CHA KANISA

Twayajuaje haya yote? Tangu mwaka 1538 kila kanisa la Uingereza lilikuwa limeamriwa kuandika kitabuni ubatizo, ndoa na maziko ya watu wake, tajiri na maskini. Uandikishaji wa serikali ulianza mwaka 1837, na tangu hesabu ya watu ya mwaka 1841 jina la kila mtu liliandikwa nyumba kwa nyumba. Kwa vitabu hivyo Mwingereza wa leo, hata mjukuu wa kibarua, aweza kuwafuata wazee wake karne kwa karne.

Ndiyo maana leo nyumba za zamani za Eyam zina vibao vyenye majina ya waliofia ndani yake. Na kila Jumapili ya mwisho ya Agosti watu hukusanyika kuwakumbuka.

Basi, ndugu msomaji, Elizabeth Hancock hakuwa malkia. Angalikwisha kusahauliwa, kama jina la mumewe na ya watoto wake yasingaliandikwa pamoja na siku walizokufa. Jioni ya leo, chukua daftari. Kaa na bibi au shangazi, mwulize majina, vijiji na miaka, uandike. Wino ni kitu rahisi. Mzee akishaondoka, hakuna wa kuulizwa.