Safari ya Kidonge: Kwa Nini Dozi ya Malaria Huchukua Siku Tatu

Kilakala imekaa chini ya miteremko ya milima ya Uluguru, kandokando ya mji wa Morogoro. Mvua za masika huacha madimbwi, na humo mbu aenezaye malaria huzaliana. Mwanafunzi wa huko mwenye uzito wa kilo 35 au zaidi, akipimwa damu na kukutwa na malaria isiyo kali, kwa kawaida hupewa vidonge 24 vya dawa mseto: vinne kila mara, mara sita, kwa siku tatu. Mara nyingi homa hutoka siku ya pili. Hapo swali huzuka: vidonge vilivyobaki vina kazi gani?

Kutoka tumboni hadi kwenye damu

Kidonge huyeyuka tumboni, na dawa hufyonzwa kwenye utumbo mwembamba. Dawa mseto ina dawa mbili: artemeta na lumefantrini. Lumefantrini huyeyuka vizuri katika mafuta kuliko katika maji. Kwa hiyo mgonjwa hushauriwa kuimeza pamoja na maziwa au chakula chenye mafuta. Akiimeza bila kula, sehemu kubwa hupita bila kuingia katika damu.

Kutoka utumboni, damu hupitia kwanza kwenye ini. Ini huibadili artemeta kuwa kemikali nyingine ambayo nayo huua vimelea, kisha huendelea kuivunjavunja. Baada ya saa chache artemeta huwa imekwisha mwilini. Lumefantrini hubaki kwa siku kadhaa.

Vita ndani ya chembe nyekundu

Kimelea cha malaria huishi ndani ya chembe nyekundu ya damu na kula himoglobini yake. Mlo huo huacha mabaki yenye madini ya chuma, ambayo ni sumu kwa kimelea chenyewe. Ili kijiokoe, kimelea huyagandisha mabaki hayo yawe fuwele zisizo na madhara.

Artemeta ina kiungo cha atomi mbili za oksijeni. Kiungo hicho kikikutana na chuma hicho huvunjika, na vipande vyake huunguza protini za kimelea. Klorokwini, dawa ya zamani, ilifanya kazi kwa njia nyingine: ilizuia kugandishwa kwa mabaki, kimelea kikafa kwa sumu ya chakula chake.

Hesabu ya siku tatu

Chukulia mgonjwa mwenye lita 5 za damu, na vimelea 2,000 katika kila milimita moja ya ujazo. Jumla ni vimelea bilioni 10. Kwa makadirio ya wataalamu, artemeta hupunguza vimelea mara 10,000 hivi katika kila mzunguko wa maisha yao wa saa 48. Baada ya siku mbili, basi, hubaki vimelea milioni 1. Idadi hiyo ni ndogo mno kuleta homa, na mgonjwa hujiona amepona.

Akiacha dawa hapo, vimelea hivyo huweza kuongezeka mara kumi hivi kila saa 48. Kama hakuna dawa ya kutosha kuvizuia, baada ya siku nane vitarudi bilioni 10. Akiendelea siku ya tatu, artemeta huvigusa tena katika mzunguko wa pili na kuvipunguza hadi vichache sana. Hivyo vichache humalizwa na lumefantrini iliyobaki katika damu.

Dawa zilizotangulia

Kwinini ilitolewa katika magome ya mti wa sinkona na Wafaransa wawili, Pelletier na Caventou, mwaka 1820. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani walipozingirwa, kituo cha utafiti cha Amani huko Usambara kiliwatengenezea askari wao kwinini kutokana na sinkona iliyopandwa huko. Klorokwini iliundwa Ujerumani mwaka 1934. Ilikuwa rahisi, ingawa iliwawasha wengi mwilini.

Miaka ya mwisho ya 1970 vimelea sugu vilianza kuonekana Afrika Mashariki. Mabadiliko katika protini moja yalikuwa yameviwezesha kuitoa klorokwini nje ya chumba chao cha kumeng'enyea. Tanzania iliiacha mwaka 2001, ikatumia SP. Nayo ikashindwa, na mwishoni mwa 2006 dawa mseto ikashika nafasi yake.

Chanzo cha artemeta ni mmea wa pakanga ya Kichina. Tu Youyou na wenzake nchini China walipata kiini chake mwaka 1972, naye akatunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Kama ilivyo kwa dawa nyingi, safari yake ilipitia maabara, wanyama, watu wachache wenye afya, kisha wagonjwa wengi.

Dawa huunganishwa mbili kwa sababu ni vigumu kimelea kimoja kupata kinga dhidi ya zote kwa pamoja. Hata hivyo, vimelea vinavyochelewa kufa kwa dawa za jamii ya artemeta vimekwisha kuthibitishwa Rwanda, Uganda na mkoani Kagera. Kimelea kinachokutana na dawa pungufu hupewa nafasi ya kuizoea. Vidonge vya siku ya tatu humlinda aliyevimeza, na humlinda pia jirani atakayeugua baadaye.

Zoezi: Mgonjwa ana vimelea 20,000 katika kila milimita moja ya ujazo. Baada ya saa 48 za dawa, vimebaki vingapi katika lita 5 za damu?