Je, Wajua Hesabu Iliyojificha Ndani ya Dadu la Vita?

Katika maduka ya sanaa za mikono mjini Kigali, baina ya vikapu vya agaseke na vinyago vya mti, huuzwa bao lenye safu nne za mashimo manane manane, ambalo Wanyarwanda huliita igisoro. Kete zake ni 64, na kila mchezaji ni amiri wa kete 32. Naye akizipanda kete zake shimo kwa shimo, ya mwisho ikaangukia katika shimo la safu yake ya mbele lisilokuwa tupu, hali mashimo mawili ya adui yaliyoelekeana nalo yote yana kete, basi kete hizo hutekwa na kupandwa upya upande wa mtekaji. Humo bahati haina kiti: kila kitu ki wazi mbele ya macho ya wote wawili, na aliyeshindwa hana wa kumlaumu ila nafsi yake.

Al-Masudi wa Baghdad, mwanahistoria aliyesafiri baharini hadi kisiwa cha Qanbalu katika pwani yetu mnamo mwaka 916, alihifadhi katika kitabu chake Muruj al-Dhahab kauli ya kale isemayo kwamba aliyebuni sataranji aliamini hiari ya mja, na aliyebuni nardi, mchezo uendeshwao kwa dadu, aliamini kadari. Kwa kipimo hicho igisoro, pamoja na nduguye bao la Zanzibar, ni wa kabila la sataranji. Lakini upo ukoo wa tatu wa michezo, ambao umeziweka hiari na kadari juu ya meza moja, nao ni michezo ya vita vya kale ichezwayo kwa visanamu vya askari. Mwingereza H. G. Wells, alipotoa kanuni zake za vita vya mezani mwaka 1913, hakulitia dadu katika mapigano ya ana kwa ana. Wakikutana watu sawa kwa idadi, wote huangamia. Maofisa wa Prusia, kinyume chake, walikwisha kulikubali dadu tangu mwaka 1824 katika mchezo wa Reisswitz, kwani amiri apaswa kuzoea kwamba hata amri njema huweza kuharibika uwanjani.

Ili tuone jinsi dadu lifanyavyo kazi, na tuchukue kanuni iitwayo De Bellis Antiquitatis, iliyochapishwa Uingereza mwaka 1990 kwa kalamu ya Phil Barker na wenzake. Kila jeshi lina vikosi 12, na kila kikosi kimepewa nguvu kwa kadiri ya silaha zake: watu wa panga, mfano wa askari wa Roma, wana nguvu 5 wapambanapo na askari wa miguu, na watu wa mikuki, mfano wa Wayunani, wana nguvu 4. Vikosi viwili vikigusana, kila mmoja hurusha dadu moja na kulijumlisha na nguvu yake. Mwenye jumla ndogo kwa kawaida hurudi nyuma, na ambaye jumla yake haikuzidi nusu ya jumla ya mwenziwe huondolewa mezani.

Tuseme mwenye mikuki amepata 1, jumla yake ikawa 5. Mwenye panga akipata 4, jumla yake ni 9, na mikuki itarudi nyuma tu. Akipata 5, jumla yake ni 10, na mikuki imekwisha. Madadu mawili huweza kuanguka kwa namna 36, zote sawa kwa uzito. Lau nguvu zingekuwa sawa, kila upande ungeshinda mara 15, na mara 6 wangetoshana. Kwa ile alama moja ya ziada, panga hushinda mara 21, hutoshana mara 5 na kushindwa mara 10. Yaani mnyonge bado ana tamaa ya kweli, wala aliye bora hana ruhusa ya kulala.

Lakini kurudi nyuma si kufa, na hapa ndipo hesabu inapotoa siri yake. Watu wa mikuki waliopangwa vema, wenye wenzao kulia na kushoto, huangamizwa mara 2 tu katika 36. Adui akipata nafasi ya kuuzidi ubavu wao mmoja, watu wa mikuki hupunguziwa alama moja, na maangamizi yao hupanda yakawa mara 6, yaani sudusi. Akiwazidi mbavu zote mbili, huwa mara 12, nayo ni thuluthi kamili. Dadu ni lile lile, na mikuki ni ile ile. Kilichogeuka ni mahali waliposimama na nani aliyesimama kando yao. Hannibal aliyajua hayo bila ya jedwali lolote, alipolizungushia jeshi kubwa la Roma mbavu zote mbili huko Cannae mwaka 216 kabla ya Kristo, akaliangamiza.

Wala mchezaji hodari wa igisoro hatastaajabu, kwa sababu yeye naye hulinda safu yake kwa mpangilio: shimo la mbele lililojaa kete halitekwi maadamu shimo la nyuma yake ni tupu.

Basi msomaji, ikiwa utaketi kucheza vita vya namna hii, usilinung'unikie dadu lililoonyesha 1, kwani hilo hutokea mara moja katika sita kwa kila mtu, awe bingwa au mwanafunzi. Uliza kwanza ni nani aliyeuacha ubavu wazi kabla dadu halijarushwa. Mara nyingi utamkuta upande wako wa meza.